Usichomoe projekta mpaka feni inyamaze

Sherehe ikiisha, kitu cha kwanza kufungashwa huwa ni projekta. MC ameshaaga, mwenye ukumbi anataka kufunga, vijana wanakunja nyaya. Mmoja anaivuta ekstensheni ukutani, na mashine inazimika hapo hapo, picha na feni kwa pamoja. Muda si mrefu imo ndani ya begi, zipu imefungwa, begi liko kwenye buti la gari. Siku chache baadaye inaletwa kwetu: taa haiwaki, au inawaka na kujizima, au picha imepata doa la njano pembeni.

Kazi yetu ni kukodisha na kutengeneza projekta, na uharibifu huu unatuuma kuliko mwingine wowote, kwa sababu kuuzuia hakuhitaji hata shilingi moja.

Tunazungumzia hapa projekta za balbu, ambazo ndizo zimejaa mashuleni, makanisani, kwenye kumbi na kwenye vibanda umiza. Balbu yake ni ya kioo cha kwatzi, na tumbo lake lina upana wa sentimita moja hivi. Ndani yake mna zebaki kidogo. Ikiwaka, zebaki hugeuka mvuke, na mgandamizo ndani hupanda hadi mara 200 na zaidi ya ule wa hewa inayotuzunguka. Kioo chenyewe hukaribia nyuzi joto 1,000 za Selsiasi. Moto wote huo uko sentimita chache tu kutoka kwenye plastiki, nyaya na vioo vinavyotengeneza picha. Kinachovilinda ni feni.

Ndiyo maana kuchomoa ghafla ni kosa kubwa. Chungu ukikiepua mekoni, moto umebaki nyuma lakini joto bado limo. Taa nayo ni vivyo hivyo: mwanga umekatika, joto liko pale pale, na sasa hakuna wa kulitoa. Linasambaa kwenye sehemu ambazo hazikutengenezwa kulibeba. Kwenye ncha za balbu kuna utepe mwembamba sana wa madini ya molibdeni unaopitisha umeme ndani ya kwatzi, na madini hayo yakizidi nyuzi 350 hivi huanza kuliwa na hewa. Mara moja hutaona kitu. Mkizoea kuifanyia hivyo kila Jumapili baada ya ibada, balbu inakufa kabla ya saa zake. Kwenye projekta za LCD kuna pia filamu nyembamba za kuchuja mwanga, na hizo zikiungua ndipo doa la njano au la bluu linapotokea kwenye picha. Doa hilo halifutiki kwa kitambaa, filamu inabadilishwa.

Kuzima kwenyewe ni hivi. Bonyeza kitufe cha kuzimia, kwenye rimoti au juu ya mashine. Projekta nyingi huuliza kwanza kama kweli unataka kuzima, kwa hiyo bonyeza tena. Picha itapotea, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika wakadhani kazi imekwisha. Sikiliza: feni bado inavuma, mara nyingi kwa nguvu kuliko mwanzo. Tazama kitaa cha pembeni: kinapepesa. Subiri. Kwa kawaida ni kati ya nusu dakika na dakika mbili, kutegemea mashine. Feni ikinyamaza na kitaa kikiacha kupepesa, chomoa. Usiiweke kwenye begi papo hapo. Kunja nyaya kwanza, teremsha pazia, halafu ndiyo ufungashe. Na ikiwa bado ina moto usiitikise wala kuiburuta mezani.

Kuna mashine mpya zilizotengenezwa ziweze kuchomolewa mara moja. Kama yako ni mojawapo, kitabu chake kitasema wazi. Kisiposema, subiri.

Tatizo gumu zaidi ni umeme kukatika. Hapo hukuchomoa wewe, lakini kwa taa madhara ni yale yale. Ushauri wetu kwa kila mwenye projekta ni UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda mfupi ule wa ukutani ukikatika. Projekta ya kawaida ya ukumbini hula wati 250 hadi 350, hivyo hata UPS ndogo ya 650 VA huibeba kwa dakika chache. Dakika hizo si za kumalizia filamu. UPS ikianza kupiga kelele, bonyeza kitufe cha kuzima na uiache feni imalize kazi yake. Wenye vibanda, angalieni na uniti za LUKU kabla mechi haijaanza, maana uniti zikiisha taa inaumia vile vile.

Umeme ukirudi baada ya sekunde chache, au jenereta ikishika, usibonyezebonyeze kitufe. Balbu yenye moto haiwaki kirahisi, kwa kuwa mvuke wa zebaki bado umebanana ndani, na kuilazimisha kunaiumiza. Iache ipoe dakika kumi au zaidi. Watazamaji watalalamika; waombe radhi, ila msikubali kuiwasha kwa haraka.

Chujio la hewa nalo lisafishwe mara kwa mara, hasa ukumbi ukiwa na vumbi. Likiziba, hata feni nzima haisaidii.

Ukiwa na wasiwasi na yako, ilete tuikague kabla haijagoma. Njoo na rimoti na waya wake wa umeme, kwa sababu saa ambazo balbu imetumika tunazisoma kwenye menyu yake mbele yako, ujue mwenyewe kama inahitaji balbu mpya au kusafishwa tu. Na kama balbu imepasuka ndani, fungua madirisha, watoe watoto chumbani kwa sababu ya zebaki, iache ipoe kabisa, kisha utuletee bila kuifungua.