Mashine moja, watoto tisa: wito wa harambee ya kitengo cha wasioona

Ndugu wazazi, wanafunzi wetu wa zamani mlio karibu na mlio mbali, majirani wa shule, na kila anayeitakia shule hii mema,

Hamjambo? Ninawaandikia kwa niaba ya kamati ya harambee ya shule yetu ya msingi, hapa Kaunti ya Kilifi. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Huu ni mwaka wangu wa 7 katika chumba kile kilicho nyuma ya tangi la maji. Wengi wenu mmepita pale mkasikia mlio wa ta-ta-ta, kisha kengele ndogo, mkauliza kuna nini humo ndani.

Mlio ule ni wa mashine ya Perkins, mashine ya kuandikia Breli, au nukta nundu kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Ina vitufe 6 vya nukta, vitatu vya mkono wa kushoto na vitatu vya mkono wa kulia, na katikati kuna kimoja cha kuachia nafasi. Kila herufi ya Breli ni mpangilio wa nukta zisizozidi 6, kwa hiyo mtoto hubonyeza vitufe vya herufi nzima kwa pamoja, na nukta zikainuka juu ya karatasi palepale. Mstari ukikaribia kuisha, kengele inalia. Mashine hizi zilianza kutolewa Marekani mwaka 1951. Hazitaki umeme wala intaneti, na mpaka leo kwa mtoto asiyeona ndizo kalamu.

Kitengo chetu kina watoto 9 wanaosoma kwa Breli. Mashine tulizo nazo ni 4. Inayofanya kazi ni moja.

Hizo nyingine tatu zimeliwa na chumvi ya bahari na miaka. Moja ukibonyeza vitufe vyake viwili vinakwama chini, havirudi. Ya pili inakunja karatasi. Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ukiitazama utadhani ni nzima: vitufe vyote vinashuka na kupanda, lakini nukta ya 5 haitokezi. Sasa katika Breli nukta moja ikikosekana herufi inageuka nyingine. N inakuwa M. E inakuwa A. T inakuwa S. Mtoto ameandika «taa», mimi ninapapasa na kusoma «saa». Ameandika «nane», karatasi inasema «mama». Muhula uliopita nilimrudishia binti wa Gredi ya 3 kazi yake mara mbili nikimwambia ahajie vizuri, mpaka nilipokaa mimi mwenyewe kwenye ile mashine nikaona kosa halikuwa lake. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Mashine ile tangu siku hiyo iko kabatini.

Watoto wetu hawakai kitengoni kutwa. Wanakuja kwangu kujifunza Breli, kutembea kwa fimbo nyeupe na kazi za mikono, kisha wanarudi madarasani kusoma pamoja na wenzao wanaoona. Hiyo moja iliyo nzima basi inazunguka nao. Ina uzito wa karibu kilo 5, na wenzao wa darasani huibeba kwa zamu ndani ya kikapu cha ukindu, mmoja mkono huu na mwingine mkono huu, kutoka Gredi ya 4 kwenda ya 6 na kurudi. Wanaibeba kwa uangalifu mkubwa, na sijawahi kusikia hata mmoja akinung'unika. Lakini mashine ikiwa Gredi ya 6, wa Gredi ya 4 hana pa kuandikia.

Wiki mbili zilizopita niliketi nyuma ya darasa la Gredi ya 4 wakati wa insha. Kijana wetu alikuwa anasubiri zamu yake. Nikaona vidole vyake sita viko juu ya dawati, vinashuka na kupanda, vinashuka na kupanda, midomo inakwenda polepole. Alikuwa anaiandika insha yake juu ya mbao. Mashine ilipofika zilikuwa zimebaki dakika chache za kipindi, akapata mistari mitatu, kengele ya shule ikagongwa. Nikamwambia pole. Akanijibu, «Si kitu, mwalimu. Nilikuwa nimeshaimaliza, imebaki kuandika tu.»

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasitumie kibao na kidungio. Wanatumia, na ninawafundisha, kwa sababu kibao ni chepesi na kinaingia mfukoni. Lakini kibao kina ugumu wake kwa mtoto mdogo. Karatasi inatobolewa kutoka nyuma, nukta moja moja, na lazima uandike kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimepinduliwa, ili ukiigeuza karatasi zisomeke sawa. Mtoto hawezi kujua alichoandika mpaka aitoe karatasi na kuigeuza. Akiwa amekosea, amekwisha kupoteza mahali. Kwenye Perkins anapeleka kidole kwenye mstari uleule anaoandika, anagusa, anajisahihisha, anaendelea. Kwa anayeanza kusoma hilo si jambo dogo. Ndiyo namna ninyi na mimi tulivyojifunza, kwa kuandika na kuliona kosa letu hapohapo.

Katika mkutano wa wazazi baba mmoja aliuliza swali zuri, nami ninalijibu hapa kwa faida ya wote. Alisema: dunia imeendelea, kwa nini tusiwanunulie tu kompyuta zinazozungumza? Baba huyo hakukosea, na kompyuta 2 zimo katika mpango wetu. Programu ya kusomea skrini inayoitwa NVDA hailipiwi hata senti. Iliasisiwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, na inaweza kusoma Kiswahili. Watoto wa Gredi ya 5 na 6 wakipata kompyuta na vipokea sauti vya masikioni watajifunza kucharaza na kujitafutia wenyewe mambo ya kusoma, na huko sekondari watahitaji sana ujuzi huo. Lakini mtoto anayesikia tu hajifunzi kuhajia. Akisikia «ng'ombe» hajui ile alama ya juu iko wapi mpaka aiguse kwa kidole. Hesabu nayo ya kusikia tu inapotea kichwani kabla hajafika kwenye jibu. Na umeme wetu mnaujua, mvua ikianza tu unakwenda. Kwa hiyo Breli kwanza, kompyuta juu yake.

Jambo linaloniharakisha ni mtihani. Watoto wetu watatu wako Gredi ya 6 na mwaka huu wanafanya tathmini ya kitaifa, ile ya KPSEA. Karatasi za maswali zinakuja kwa Breli, na watoto hawa huongezewa muda. Lakini watatu hao wanaanza saa ile ile. Hapo hakuna kupokezana kikapu.

Tusiwasahau wenye uoni hafifu, ambao ni 5, wawili kati yao wana ualbino. Hawa mahitaji yao ni ya bei nafuu zaidi na ndiyo maana husahaulika. Yuko msichana ambaye huinuka kwenye dawati la mbele, akaenda mpaka ubao ukamgusa pua, akasoma maneno manne, akarudi kuyaandika, akainuka tena. Kwa kipindi kimoja anaweza kwenda mara 20. Darubini ndogo ya mkononi ingemwezesha kusoma ubao akiwa ameketi. Lenzi ya kukuzia, kalamu za wino mzito, dawati lenye uso wa mshazari ili asiiname mpaka shingo imuume, basi. Fundi seremala mmoja jirani yetu amekwisha kujitolea kutengeneza madawati hayo 5 kwa gharama ya mbao tu. Mungu amzidishie.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli. Ibara ya 54 ya Katiba yetu inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia Breli na kupata vifaa vya kumwezesha. Tumeandika maombi, na tutaendelea kuandika. Lakini aliye Gredi ya 6 hatabaki Gredi ya 6 akingoja majibu.

Lengo la harambee ni shilingi 900,000. Tunataka kuzitengeneza zile mashine 3, kazi ambayo fundi wake hapatikani huku kwetu, lazima zipelekwe Nairobi, na kununua mpya 5. Ukijumlisha na ile moja, kila mtoto atakuwa na mashine yake. Kisha kuna kompyuta 2, darubini na lenzi za wale watano, mbao za madawati, na karatasi nzito za Breli za mwaka mzima, maana karatasi ya daftari haishiki nukta, ukiipapasa mara mbili zimelala. Fedha ikipungua tutaanza na matengenezo na mashine za Gredi ya 6. Wazazi wa kitengo, ambao wengi wao ni wavuvi na wakulima wa kazi za msimu, wamekwisha kutoa 46,500 kati yao. Sijui mmoja wao aliyetoa kwa sababu alikuwa nazo nyingi.

Harambee itafanyika shuleni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, kuanzia saa 4 asubuhi, chini ya mwembe. Imamu na mchungaji wa hapa wamekubali kila mmoja kuitolea harambee hii sadaka ya wiki moja, na wote wawili watakuwapo. Kutakuwa na mnada kama kawaida yetu: kuku, mbuzi, nazi, mkeka, chochote utakachojaliwa kuleta. Akina mama wa chama watapika. Watoto wa kitengo watawasomea kwa vidole, na atakayetaka kuandikiwa jina lake kwa Breli ataandikiwa.

Wanafunzi wetu wa zamani mlio Mombasa na Nairobi, na mlio kazini Oman, Qatar na Saudia, najua mnapigiwa simu za michango kila wiki. Tunawaomba mtukumbuke na sisi. Mchango utumwe kwenye akaunti ya shule peke yake, kwa namba iliyochapishwa kwenye kadi ya mchango yenye muhuri wa shule. Tafadhali usitume kwa simu ya mtu yeyote, hata akijitaja kwa jina langu. Kila shilingi itakayoingia itaandikwa, na hesabu itabandikwa kwenye mlango wa ofisi kila Ijumaa, pamoja na risiti tutakapoanza kununua. Mzazi yeyote ana ruhusa kuja kuuliza.

Ombi la mwisho halitaki fedha. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita zina karatasi nzito inayoshika nukta vizuri kuliko karatasi yoyote tunayoipata dukani, na watoto wa Gredi ya 1 wanajifunzia kwenye hizo. Kwa sasa zimebaki 4. Ukija Jumamosi hiyo, iteremshe ile ya ukutani kwako, uiviringishe kwa urefu isije ikapata mikunjo katikati, uje nayo.

Mwalimu wa kitengo, kwa niaba ya kamati ya harambee