Mwambie mama asijifungie

Kibuye, Kisumu
Jumatatu jioni

Mpendwa Nafula,

Ujumbe wako ulinikuta nikifunga magunia. Mpe mama mkwe pole zangu. Unasema tangu Alhamisi amejifungia chumbani, anaona haya kwamba mwalimu mzima amelaghaiwa na sauti ya kijana kwenye simu. Basi mwambie hata mimi nililiwa, tena mchana peupe.

Sijawahi kukuambia. Ilikuwa Jumapili, unajua soko la Kibuye siku hiyo, wateja wamenizunguka na gorogoro ya kupimia iko mkononi. Simu ikalia, ujumbe: nimepokea shilingi 4,500. Kabla sijamaliza kumrudishia mteja chenji, mwanamume akapiga, anahema. "Mama, nisaidie, nimekosea nambari moja tu. Hiyo ni ya dawa ya mtoto, niko hapa dirishani nangojewa." Nyuma yake nilisikia watu wakiongea kama foleni ya hospitali kweli. Nikamtumia. Hakuniuliza nambari ya siri wala hakunitisha, alinipata kwa huruma. Jioni kupiga hesabu, kumbe nimemrudishia hela yangu mwenyewe.

Nikausoma tena ule ujumbe, safari hii na miwani. Ulitoka kwa nambari ya kawaida ya 07, si MPESA. Na eti salio langu ni elfu sitini na kitu! Mimi, Nafula, elfu sitini katikati ya mwezi? Ningeusoma hadi mwisho ningecheka.

Siku hizi mtu akisema amekosea, kwanza naangalia salio mwenyewe, halafu namjibu: "Sawa, tuma ujumbe wako wa M-Pesa kwa 456 uombe irudishwe." Aliyekosea kweli njia yake ndiyo hiyo, haihitaji mkono wangu. Wengi hukata simu hapohapo. Mmoja alinitukana kwanza.

Ya mama ni ile ya "mhudumu" wa kampuni ya simu anayepiga kusema laini itafungwa, kisha anaomba nambari ya siri. Safaricom wakimpigia mteja hutumia 0722 000 000, na hata hapo hawaulizi nambari ya siri. Abadilishe yake leo, na tafadhali asiweke tena mwaka wa kuzaliwa, maana umo kwenye kitambulisho. Kisha abonyeze *100*100# kuikinga laini, isije ikahamishiwa kadi ya mtu mwingine. Nambari iliyompigia aitume kwa 333, ni bure.

Wewe nawe, mwenye mtoto bwenini, kuna ya "mwalimu": mwanao ameanguka, tuko hospitali, tuma haraka. Jirani yangu wa nyanya alipigiwa hiyo huku mwanawe yuko chini ya meza anakula mandazi. Alimwacha jamaa aeleze jeraha lote, mpaka nyuzi alizoshonwa. Kama ni ya kweli, hutapoteza kitu ukikata na kupiga nambari ya shule iliyo kwenye ripoti yake.

Omena ya mama nimeitenga, gorogoro tatu, imekauka vizuri. Naipakia Jumamosi kwa matatu ya asubuhi ya Webuye. Nauli ya mzigo nimelipa. Kondakta akikupigia, muulize gunia limeshonwa kwa uzi gani. Ni wa kijani.

Wako,
Akinyi