Risala ya Timu ya Soka ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi: Kundi Letu na Mechi Zake Tatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mheshimiwa Diwani wa Kata,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutuaga sisi wachezaji wa timu ya soka ya wasichana, tunaokwenda kushiriki kombe la mkoa la wasichana chini ya miaka 17. Karibu sana, na jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kawaida risala huanza na historia ya shule, idadi ya wanafunzi na upungufu wa madarasa. Mkuu wa Shule ameyaeleza hayo katika taarifa yake, nasi hatutayarudia. Tumeomba muda huu tuzungumzie mpira.

Tangu droo ya makundi ichezeshwe tumepewa pole nyingi kuliko hongera. Tumepangwa pamoja na mabingwa watetezi, wenyeji wa mashindano, na majirani zetu wa ng'ambo ya mto, ambao kila mwaka hutoa wachezaji wa kombaini ya mkoa. Vijana wa bodaboda pale stendi wameshalibatiza jina: kundi la kifo. Sisi hatujaona kifo chochote. Tumeona mechi tatu, na kwa ruhusa yako tungependa kueleza tunavyoziona, kwa sababu ombi letu lote la leo linatokana na hesabu ya mechi hizo.

Kundi lina timu nne na mechi sita kwa jumla. Ushindi ni pointi 3, sare pointi 1, na timu mbili za juu zinaingia nusu fainali. Mwalimu wetu wa Hisabati alituambia kwamba mechi sita, kila moja ikiwa na matokeo ya aina tatu, zinaweza kuishia kwa njia 729. Hakuziandika zote, tunashukuru, maana kipindi kilikuwa cha dakika 40. Alituonyesha zile za pembezoni tu. Timu inaweza kupata pointi 6 ikatolewa, kama timu tatu zimefungana kwa mzunguko, wa kwanza akimfunga wa pili, wa pili akimfunga wa tatu, wa tatu akimfunga wa kwanza, na zote zikamfunga wa nne. Na timu inaweza kuvuka kwa pointi 2, kama mbabe mmoja ameshinda zote na wengine watatu wametoka sare wao kwa wao. Hayo hutokea kwa nadra. Katikati ya hayo, ushindi mmoja na sare moja, yaani pointi 4, mara nyingi hutosha kumvusha mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mfano wa hesabu hii tunao nyumbani. Mwaka 2022 dada zetu wa Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, chini ya kocha Bakari Shime, waliitoa Cameroon na kufuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 lililofanyika India. Wakapangwa Kundi D pamoja na Japan, Ufaransa na Canada. Kama kuna kundi lililostahili kuitwa la kifo, ni lile. Tarehe 12 Oktoba, katika mji wa Margao jimboni Goa, Japan wakawafunga 4-0. Wengi waliokuwa wakifuatilia huku nyumbani walizima redio wakasema yameisha, tumekwenda kutalii.

Siku tatu baadaye wasichana wale wale wakaingia tena uwanjani wakaifunga Ufaransa 2-1, Diana Mnally akifunga la kwanza na Christer Bahera la pili kwa penalti. Tarehe 18, huko Navi Mumbai, Canada wakatangulia kufunga, Veronica Mapunda akasawazisha, mechi ikaisha 1-1. Hesabu za kundi zilipofungwa, Japan walikuwa na pointi 9, Tanzania 4, Canada 2 na Ufaransa 1. Serengeti Girls wakatinga robo fainali wakiwa wamefunga mabao 3 na kufungwa 6. Tunaomba namba hizo zisikike vizuri: walivuka wakiwa na deni la mabao matatu. Huko mbele walitolewa na Colombia kwa 3-0, na Colombia hao ndio waliofika fainali.

Majirani zetu wa Kenya nao wana somo lao, chungu kidogo. Junior Starlets, timu yao ya wasichana chini ya miaka 17, wakiongozwa na kocha Mildred Cheche, ndiyo timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufuzu Kombe la Dunia la FIFA katika ngazi yoyote. Kule Jamhuri ya Dominika mwaka 2024 walifungwa 2-0 na Uingereza, wakafungwa 3-0 na Korea Kaskazini, ambao ndio waliochukua kombe, kisha wakaifunga Mexico 2-1. Wakarudi nyumbani na pointi 3, kwa sababu mashindano yalikuwa na timu 16 na wawili tu ndio waliovuka katika kila kundi. Mwaka uliofuata, kule Morocco, timu ziliongezwa zikawa 24 na baadhi ya washindi wa tatu wakapewa nafasi. Nigeria wakapita kwa pointi 3 zile zile. Kombe letu la mkoa bado linatumia utaratibu wa zamani, wawili tu. Kwa hiyo pointi 3 hazitutoshi, na kocha wetu ametukataza hata kuzitaja.

Sasa pointi zetu 4 tutazitoa wapi?

Mechi ya kwanza ni dhidi ya mabingwa watetezi. Hatutadanganya mbele yako, Mheshimiwa: wametuzidi. Namba sita wao, yaani kiungo mkabaji, anacheza kama mtu mzima, na viungo wao wanapigiana pasi bila kutazama. Ila tuliwaona katika bonanza la Pasaka, na tuligundua kwamba mabeki wao wa pembeni wakishapanda hawarudi haraka. Mawinga wetu wana mbio, hilo kila mtu katika kata hii analijua, hasa wenye mbuzi wanaokatiza uwanjani jioni. Wako wanaotushauri tupaki basi dakika zote. Kocha hakubaliani nao, nasi tuko upande wake, kwa sababu timu inayokaa langoni kwake muda wote hufungwa mapema na kisha haijui namna ya kutoka. Tutashambulia tunapopata nafasi. Tukipata sare tutashangilia. Tukifungwa, lengo ni tusifungwe mengi, kwa maana kufungwa 1-0 na kufungwa 5-0 kote ni pointi sifuri, lakini siku ya mwisho, timu mbili zikilingana pointi, tofauti ya mabao ndiyo itakayoulizwa.

Mechi ya pili ni dhidi ya wenyeji, na hapa ndipo tunapouona ushindi. Wenyeji wana mashabiki wengi na ngoma, na uwanja wanaujua. Lakini kikosi chao ni kipya, wengi ni wa kidato cha kwanza na cha pili, na kipa wao hupangua mipira ya mbali badala ya kuidaka. Tumekuwa tukifanya mazoezi ya kumalizia mipira inayorudi. Mshambuliaji wetu sasa anaiota usiku, mama yake ni shahidi, yuko hapa.

Mechi ya tatu ni ya majirani. Hao tunafahamiana hadi majina ya nyumbani. Tumecheza nao mara nyingi, na mara nyingi tumetoka sare. Hatari yao ni kona. Wana mabeki wawili warefu wanaopanda kila kona inapopigwa, na sisi udhaifu wetu mkubwa ni mipira ya juu. Tunalisema hili wazi kwa kuwa nao wanalijua, hivyo si siri ya kambi. Kwa miezi hii mwalimu wa michezo amekuwa akitupigia krosi mpaka giza linaingia. Tumepata nafuu, bado hatujapona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukiiangalia hesabu hii utaona kwamba pointi zetu zimelala kwenye mechi ya pili na ya tatu. Na hapo ndipo penye tatizo. Mwaka jana tulisafirishwa alfajiri ya siku ya mechi. Gari liliharibika njiani, tukafika uwanjani wenzetu wakiwa wanapasha misuli, tukacheza na chai ya asubuhi tumboni. Tulipofungwa mechi ile ya kwanza, waliokuwa wametuchangia wakaona hakuna haja ya kuendelea kutoa, na zilizobaki tukazicheza kwa kwenda na kurudi, waliopata nauli wakaenda na waliokosa wakabaki. Mechi ya mwisho tuliingia uwanjani bila mchezaji wa akiba hata mmoja. Beki wetu alipoteguka kifundo cha mguu tukamaliza tukiwa kumi.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni bajeti ya mechi tatu. Tunaomba tuwekwe kambini kuanzia siku moja kabla ya mechi ya kwanza hadi mechi ya tatu imalizike, matokeo yoyote yatakayokuwa. Serengeti Girls wangefungishwa mizigo baada ya zile nne za Japan, Ufaransa angefungwa na nani? Shule rafiki iliyo karibu na uwanja imekubali kutupa bweni moja bure, kwa kuwa wanafunzi wake watakuwa likizo. Kinachopungua ni chakula, magodoro, na usafiri wa uhakika wa kwenda na kurudi. Mchanganuo umo ndani ya bahasha tutakayokukabidhi, umeandaliwa na mwalimu wa michezo na kukaguliwa na mhasibu wa shule, na hatukuongeza chumvi.

La pili ni vyeti vya kuzaliwa. Mashindano ni ya chini ya miaka 17, na kanuni zinataka cheti, si barua ya mtendaji wala kadi ya kliniki. Baadhi ya wenzetu hawana, akiwemo kipa wetu namba moja. Umri wake hauna shaka, mkunga aliyemzalisha ni jirani yetu, lakini kamati ya mashindano haitamwita mkunga. Muda wa usajili unakaribia kufungwa. Tunaomba ofisi yako itusaidie kufuatilia, maana bila kipa huyu, habari yote ya tofauti ya mabao tuliyoisema hapo juu itabidi tuihesabu upya.

La tatu ni vifaa. Jezi tunazo, tunawashukuru wazazi waliochanga. Tunahitaji viatu vya mpira kwa wale wanaoazimana, vilinda ugoko, glovu za kipa, na sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani, kwa kuwa sanduku lenyewe tunalo. Tunahitaji pia taulo za kike kwa siku zote za kambi. Tumejadiliana kama hili lisomwe mbele ya watu, tukaamua lisomwe. Mwaka jana mwenzetu alikaa benchi akisema anaumwa tumbo, kumbe alikuwa hana cha kujistiri, na alikuwa ndiye mpigaji wetu wa mipira ya adhabu.

Wazazi wetu nao wana ombi, wametutuma tulifikishe. Wanataka mwalimu wa kike au matroni awe nasi kambini usiku na mchana. Mwalimu wetu mmoja amejitolea, ila ana mtoto mchanga na atahitaji kwenda na msaidizi wa kumlea. Gharama ya msaidizi huyo tumeiweka kwenye mchanganuo. Tunaomba isikatwe kwa kuonekana ni ya ziada, kwa sababu asipokwenda mwalimu huyu, kuna wazazi ambao hawatasaini fomu za ruhusa, na hatuwalaumu.

Kuhusu uwanja wa mazoezi hatutasema mengi. Kaka zetu wa timu ya wavulana wapo hapa na tumeshakubaliana nao: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni siku zetu. Waliuheshimu mkataba huo vizuri zaidi baada ya kututaka mechi ya kirafiki. Matokeo wanayajua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa upande wetu tunaahidi mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tutakwenda na vitabu, na kila asubuhi kutakuwa na saa mbili za kujisomea, kwa kuwa wa kidato cha nne wana mtihani mbele yao. Tutamheshimu mwamuzi. Kadi mbili za njano zinamkosesha mchezaji mechi inayofuata, na kikosi chetu hakina utajiri wa kupoteza mtu kwa sababu ya mdomo. Na tukifungwa mechi ya kwanza, tunaomba msitupigie simu za kutupa pole. Tupigieni kuuliza mechi ya pili ni saa ngapi.

Ni saa kumi jioni, Alhamisi. Ngoma za wenyeji zitakuwa nyingi, nasi tungefurahi kuona angalau basi moja kutoka wilaya yetu upande wa pili wa uwanja. Mheshimiwa Diwani ameshasema atakuja. Kiti kilicho karibu naye tumekuwekea wewe.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wachezaji, na imesomwa kwenu na nahodha wa timu.