Nyumba za Lewis si vibanda

Mhariri,

Makala yenu kuhusu visiwa vya Scotland iliziita nyumba za kale za wakulima wa Lewis "vibanda vya mawe". Hapana. Waliozijenga walijua kazi yao.

Chukua nyumba namba 42 ya kijiji cha Arnol kisiwani Lewis, ya karne ya 19, ambayo sasa ni makumbusho. Ukuta wake ni kuta mbili za mawe yaliyopangwa bila chokaa, katikati pameshindiliwa udongo. Paa la nyasi halitokezi nje kama letu la makuti. Limekalia ukuta wa ndani, na maji ya mvua huzama kwenye ule udongo. Ukishika unyevu, upepo haupenyi, na upepo wa huko si wa mchezo: paa lenyewe limefungwa kwa kamba zilizoning'inizwa mawe. Dohani hakuna. Moto wa udongo mkavu wa kinamasi, unaochomwa kama kuni, uliwaka katikati ya sakafu, moshi ukajipenyeza kwenye nyasi. Nyasi hizo zikishajaa masizi ziliteremshwa, zikawa mbolea ya shamba. Ng'ombe walilala chini ya paa hilohilo (harufu, bila shaka, ilikuwepo) wakaongeza joto.

Watu waliishi humo hadi miaka ya 1960. Hukohuko Lewis, wakazi wa mwisho wa kijiji cha Gearrannan walihama nyumba zao za aina hii mwaka 1974. Baadhi sasa hupangishwa wageni.

Mkiandika tena, tafadhali chapisheni mchoro wa ukuta huo uliokatwa katikati badala ya picha ya machweo.

Msomaji wenu,
Tanga