Kazi za wakala: saa zako ziandike mwenyewe

Mhariri,

Watu wanaofanya kazi kupitia mawakala wa ajira hupewa ushauri mmoja kila wanapokwama: vumilieni. Kuvumilia si kubaya, ila hakurudishi saa ambazo hazikulipwa, wala hakuelezi kwa nini mtu kaambiwa Jumatano jioni kwamba Alhamisi asifike kazini. Misukosuko mingi ya kazi hizi hutokea mahali pamoja, yaani kwenye pengo kati ya wakala anayekulipa na kampuni inayokupangia kazi. Taarifa huanguka humo, na wa kuumia ni yule aliyesimama katikati.

Tuanze na malipo pungufu, maana ndiyo malalamiko yanayojirudia kuliko yote. Msimamizi wa zamu hutia saini karatasi ya mahudhurio, karatasi ikafikishwa kwa wakala kabla ya siku ya kufunga hesabu, mhasibu akaingiza saa kwenye mfumo, ndipo pesa zitoke. Saini ikikosekana au karatasi ikichelewa siku moja, saa hizo husogezwa hadi malipo yajayo, na huko zisipofuatiliwa husahaulika. Zamu ya usiku ina mtego wake: inayoanza Jumatatu na kuisha Jumanne alfajiri huweza kukatwa katika tarehe mbili, kila kipande kikaonekana kifupi, na ovataimu ikafutika bila mtu kukusudia.

Kisha kuna mapumziko. Tuseme zamu ni ya saa 9 na unapumzika nusu saa. Unastahili saa 8 na nusu, yaani 42 na nusu kwa siku 5. Mfumo ukiwa umepangwa kukata saa nzima, utalipwa 40. Hizo saa 2 na nusu kwa wiki huwa 10 kwa wiki nne, zaidi ya zamu nzima ya bure. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za kazi ni mali. Andika kila siku saa ya kuingia, ya kutoka na muda wa mapumziko, na upige picha karatasi baada ya kutiwa saini, si kabla.

Unapodai, usiandike kwamba umedhulumiwa, hata kama ndivyo unavyohisi. Andika tarehe, kituo (mahali ulipopangiwa kazi), saa ulizofanya, saa ulizolipwa na tofauti yake, kisha ambatisha picha. Ujumbe wa namna hiyo mratibu wa wakala, yule anayekupangia vituo, anaweza kuupeleka kwa mhasibu ulivyo. Wa lawama itambidi auchambue kwanza, na mara nyingi hatauchambua.

Kusimamishwa ghafla kunauma zaidi kwa sababu hakuji na maelezo. Mikataba mingi kati ya kampuni na wakala huiruhusu kampuni kumrudisha mfanyakazi bila kutaja sababu, kwa hiyo mratibu mwenyewe pengine ana mstari mmoja tu: hahitajiki tena. Muulize swali ambalo jibu lake analo: kampuni imepunguza idadi ya watu, au imeomba mtu mwingine wa nafasi ileile? Ikiwa idadi imepunguzwa, hukukosea popote, na kukaa usiku ukijichunguza ni kujitesa bure. Ikiwa ameombwa mwingine, kuna lalamiko. Omba uelezwe ni lipi, maana kuchelewa mara mbili kunarekebishika na kutoelewana na msimamizi mmoja hakukufuati kituo kingine. Siku hiyohiyo uliza pia kama mkataba wako na wakala bado uko hai. Kuisha kwa kituo na kuisha kwa ajira ni mambo mawili, na wengi huondoka kwa hasira wakiacha malipo ya likizo waliyokwisha kuyachuma.

Ukiumia kazini, mwambie kwanza msimamizi wa hapo, hakikisha tukio limeingia kwenye daftari la ajali, kisha mwandikie wakala kabla siku haijaisha. Ukiambia upande mmoja tu, kila upande utakuelekeza kwa mwenzake. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika Ibara ya 12 unaitaka nchi iliyouridhia ibainishe nani kati ya wakala na kampuni anawajibika kwa usalama kazini na fidia ya ajali. Ibara ya 7 inakataza, isipokuwa katika hali maalumu zilizoruhusiwa, wakala kumtoza mfanyakazi ada. Anayedai pesa ili akupangie kituo, muombe akuonyeshe sheria inayomruhusu.

Kwa siku za kusubiri, jiandikishe kwa mawakala wawili au watatu, lakini usikubali jina lako lipelekwe kampuni moja na wawili kwa pamoja. Kampuni hukwepa ugomvi wa nani alipwe kamisheni, na njia rahisi ya kuukwepa ni kulitupa jina lako. Wiki inapoanza, watumie waratibu siku ulizo huru. Nafasi za dharura huenda kwa waliokwisha kujibu. Matumizi ya nyumbani yapange kwa kipato cha mwezi wako mbaya kuliko yote, wala si kwa wastani. Kwenye wasifu, weka vituo vya kila wakala chini ya jina lake, usije ukaonekana mtu wa kuhamahama.

Ahadi ya kuajiriwa moja kwa moja ni sura nyingine. Msimamizi anayekuahidi huenda anasema kweli yake, ila bajeti haiko mikononi mwake, na mara nyingi kampuni hutakiwa kumlipa wakala ada ikikuchukua kabla ya muda fulani. Muulize wakala muda huo ni wiki ngapi, uuweke kwenye kalenda, na hadi ufike usikatae vituo vingine kwa ajili ya maneno ya mlangoni.

Nanyi wahariri, tangazo la kazi linalotoka kwa wakala lisichapishwe bila mambo matatu: nani atalipa, kwa muda gani, na kama mwombaji atadaiwa chochote.