Barua ya wazi kwa vijana wa huduma ya wagonjwa na wafiwa: mtarudi lini?

Wanangu wapendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimewatazama muda mrefu mkitoka kwenda kwa wagonjwa na wafiwa, na nafsi yangu imemshukuru Mungu kwa ajili yenu. Mnaingia, mnaimba, mnaomba, mnaacha bahasha. Si jambo dogo. Lakini nina swali ambalo nimeona heri niwaulize ningali hai: mtarudi lini?

Mke wangu alipougua, mwezi wa kwanza viti havikutosha. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa naisikia saa ya ukutani. Simlaumu mtu, kila mmoja ana yake. Ila mama mmoja wa kanisani alikuja kila Alhamisi kwa miaka miwili. Hakuwa msemaji. Alimgeuza mgonjwa, akamwosha, akafua mashuka, kisha akaniambia, "Baba, kalale kidogo, mimi nipo." Mahubiri ya upendo niliyoyasikia maishani ni mengi na mengi yamenitoka. Usingizi wa zile Alhamisi sijausahau.

Tangu hapo mfano wa Msamaria mwema nausoma kwa macho mengine. Sisi huishia pale njiani kuelekea Yeriko, alipolala mtu aliyepigwa na wanyang'anyi: kuhani kapita, Mlawi kapita, Msamaria kasimama, amina. Luka anaendelea: "Hata siku ya pili akatoa dinari mbili." Siku ya pili! Yaani usiku ule hakumtupa mlangoni akaenda zake. Alikaa naye, akamtunza. Na dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona kwa wale vibarua wa shamba la mizabibu katika mfano mwingine wa Yesu. Alitoa jasho la siku mbili kwa mtu asiyemjua, na Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Kisha akamwambia mwenye nyumba ya wageni: "cho chote utakachogharimiwa zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa." Alibeba deni asilojua ukubwa wake, na akaaga kwa ahadi ya kurudi.

Angalieni pia kwamba aliendelea na safari yake. Hakuacha shughuli zote akahamia kwa mgonjwa. Alimshirikisha mwingine mzigo. Nawaambia hili nyinyi wawili watatu mnaojichosha mpaka mnaugua, kwa kuona haya kuomba wenzenu wapokee zamu.

Na amri yenyewe, "umpende jirani yako kama nafsi yako", mnajua ilipoandikwa kwanza? Walawi 19. Someni aya zinazoitangulia. Usivune pembe za shamba lako, waachie maskini na mgeni. Ujira wa mtu uliyemwajiri usikae kwako usiku hata asubuhi. Usimlaani kiziwi. Usitie kwazo mbele ya kipofu. Hapo ndipo Mungu alipouweka upendo, katikati ya mishahara na mavuno. Basi kama kuna mmoja wenu anayekwenda kuombea wagonjwa Jumamosi, na msaidizi wake wa nyumbani anamdai mshahara wa miezi miwili, namsihi aanzie kwake. Sisemi kwa hasira, mwanangu. Nasema kwa sababu yule msaidizi naye anakusikia ukiomba.

Kanisa la kwanza lenyewe liliteleza hapa. Matendo 6 inatuambia wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kiyunani, walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliagiza wachaguliwe watu saba, wenye kujawa na Roho na hekima, wa kuhudumu mezani. Stefano, yule aliyekuja kuuawa kwa mawe, alikuwa mmoja wao. Wala hawakuona kugawa chakula kuwa kazi ya walioshindwa kuhubiri.

Kwa hiyo nunueni daftari. Andikeni nani alitembelewa, anahitaji nini, na nani atakwenda tena wiki ijayo. Mkifika, msikimbilie kuomba. Ulizeni kwanza kama amekula, kama dawa zimekwisha, kama kuna nguo za kufua. Mnayoambiwa kitandani yabaki kitandani. Na picha, wanangu, acheni kabisa. Mtu aliyelala hoi hana nguvu ya kuwakatalia, na wajukuu zake hawapendi akumbukwe vile.

Yule mzee tuliyemzikia mkewe miezi minne iliyopita hayumo katika safari zenu tena. Mimi nitakwenda kwake Jumanne asubuhi. Anapenda kusomewa Zaburi, na macho yangu siku hizi hayaoni herufi vizuri, kwa hiyo mmoja wenu afuatane nami. Mwingine aje na ndoo na sabuni.

Ni mimi baba yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa