Makosa machache hayamfanyi mtu kuwa mlinzi bora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu uteuzi wa walinzi bora wa besiboli ya Marekani (wachezaji wa upande unaozuia, wanaodaka mipira iliyopigwa) katika kila nafasi. Wengi huanza kwa kuhesabu makosa, na hapo ndipo wanapopotea. Kosa huandikwa pale tu mtunza kumbukumbu anapoona kwamba mpira ungedakwa kwa juhudi ya kawaida. Mchezaji mzito akipitwa na mpira hatua mbili pembeni, haandikiwi kitu. Sifa huenda kwa mpigaji. Mwepesi akiukimbilia, akaufikia, ukamponyoka, anaweza kuandikiwa kosa.

Kwa hiyo tuhesabu waliotolewa. Ozzie Smith, akicheza shotistopu (kati ya besi ya pili na ya tatu; besi ni vituo ambavyo mkimbiaji hupitia), mwaka 1980 alichangia kuwatoa wapinzani mara 621, na hakuna wa nafasi hiyo aliyemfikia kwa msimu mmoja. Besi ya pili namchagua Bill Mazeroski: katika maisha yake yote ya uchezaji alishiriki kutoa wapinzani wawili kwa mpigo mmoja mara 1,706. Kazi hiyo inataka mpira uguse glavu na papo hapo uhamie mkononi, huku mkimbiaji akiteleza miguuni pako. Ukiifumba glavu kwanza, mpigaji keshafika besi ya kwanza. Besi ya tatu haina ubishi, ni Brooks Robinson.

Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anahitaji uangalifu zaidi. Wengi hutazama asilimia ya wezi wa besi (wakimbiaji wanaochomoka kwenda besi inayofuata bila mpira kupigwa) aliowanasa, lakini mrushaji, anayemtupia mpigaji mpira, akiwa mzito wa kuuachia humponza mdakaji wake, kwani mpira wa mdakaji unatakiwa ufike besi ya pili kwa takriban sekunde 2. Tena wakimbiaji wakishamwogopa mdakaji, hawathubutu kuiba. Hesabuni na majaribio yalivyopungua. Hapo Iván Rodríguez ana nguvu.

Tuzo ya Glavu ya Dhahabu, ya walinzi bora wa kila msimu, iliyoanza 1957, isiwe hoja peke yake. Mwaka 1999 Rafael Palmeiro aliipata kwa besi ya kwanza ilhali alilinda hapo mechi 28 tu. Na kuanzia 1961 hadi 2010 walinzi watatu wa nje (wanaosimama mbali, nyuma ya besi) walitunzwa bila kutenganishwa kushoto, kati na kulia, hivyo wa kati, waliokuwa na wepesi zaidi, wakazizoa nyingi. Willie Mays, mlinzi wa kati, alistahili zake 12. Ila mlinzi wa kushoto asipimwe kwa idadi hiyo hata kidogo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam